Mshenga Anayeuliza Maziwa

Siku ya kwanza Mama Zuhura kunigombeza nilikuwa nimekaa kitandani kwangu hapa Berea, Johannesburg, nina watoto wawili kifuani. Mmoja ni wangu, Gaël, ambaye wakati ule alikuwa na miezi minne. Wa pili alikuwa binti wa jirani yetu wa ghorofa ya tatu, ambaye mama yake alikuwa amechelewa kurudi kutoka kwenye meza yake ya nguo. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Mimi blauzi ilikuwa imeshalowa kwa kusikia kile kilio tu, basi nikampa.

Chumba chetu kimegawanywa kwa pazia. Upande wa dirisha ni wa Mama Zuhura, upande wa mlango ni wangu na mwanangu. Akafunua pazia, akatazama, akalirudisha. Kisha akalifunua tena.

"Mama Gaël, hiyo ni mara ya ngapi?"

"Mara ya ngapi nini, Mama?"

"Kumnyonyesha huyo. Ni leo tu, au ulishampa siku nyingine?"

Nikasema ni mara ya pili. Akavuta kigoda akakaa mbele yangu kama polisi.

"Ukifika mara tano, na kila mara ameshiba, na hajatimiza miaka miwili, basi weye umekuwa mama yake. Gaël amekuwa kaka yake. Wakikua wakapendana, nani atawaambia? Weye utakuwa umeshahamia Kanada, miye nitakuwa kaburini."

Nilicheka. Mimi ni Mkristo, natoka Uvira, kwetu mtoto akilia unampa, habari imekwisha. Yeye hakucheka.

"Mpe, usimwache na njaa. Lakini mwambie mama yake leo leo, ajue na akumbuke. Kwetu Waislamu hiyo ni sheria. Na nyinyi hamtakufa mkijua."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumfahamu. Watu wengi wa mtaa wanamjua kwa macho tu: mwanamke mfupi, ushungi wa kijivu, anashuka ngazi asubuhi na chakula chake ndani ya kopo la siagi, anakwenda Doornfontein ambako anashona sare za shule kwenye karakana ya ghorofani. Alizaliwa Buyenzi, kule Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani, na mpaka leo anasema "miye" na "weye" kama alivyolelewa. Lakini kwa watu wetu, Warundi, Wakongomani, hata Watanzania, yeye ni mshenga. Kijana akitaka mke na hana wazazi karibu, anaelekezwa kwake. Baba akiletewa posa na hajui amuulize nani habari za yule kijana, anaelekezwa kwake. Malipo hachukui. Ukitaka kumshukuru unampelekea kanga, na hata hiyo anaipokea huku akikulaumu kwamba rangi umechagua vibaya.

Nimekaa naye miaka miwili, nimeona anavyofanya kazi. Kwanza anakwenda kwa kijana bila kumwambia, anabisha hodi, anaomba maji ya kunywa. Aliniambia hivi: "Atanipa glasi ya wageni, hiyo siitazami. Natazama kikombe chake yeye kilichobaki kwenye beseni. Kama kina ukungu, binti wa watu atakwenda kuishi na ukungu." Akitoka hapo anawauliza majirani. Hawaulizi kama kijana ni mtu mzuri, maana watasema ndiyo. Anawauliza kama amewahi kumsaidia mtu kubeba mtungi wa gesi juu ya ngazi, maana lifti za majengo yetu zilikufa zamani.

Mwisho kabisa ndipo anapouliza swali lake.

"Nani alikunyonyesha?"

Nilikuwepo siku alipomuuliza mlinzi mmoja wa mlangoni, jitu lenye mabega kama kabati. Likainamisha kichwa, likajibu kwa sauti ndogo:

"Sikumbuki, Mama. Nilikuwa mdogo."

Nilikwenda kucheka jikoni. Mama Zuhura akamwambia akamuulize mama yake, na kama mama hayupo, amtafute aliyekuwepo. "Watu wetu wamezaliwa njiani, wamezaliwa kambini. Mama anaumwa, jirani anampa mtoto ziwa. Si aibu. Lakini miye nataka jina la huyo jirani."

Kwenye ngazi walimbandika jina, Mshenga wa Maziwa. Akipita na mkoba wake utasikia, "Mama Zuhura, leo umekamua wangapi?" Naye anajibu bila kugeuka, "Bado weye." Ndoa kumi na moja alikuwa amezifungisha hapa Johannesburg, na hakuna hata moja iliyovunjika.

Ya kumi na mbili ndiyo ninayotaka kuiandika.

Kwenye ile karakana, mashine ya pembeni yake anakaa binti anayeitwa Hadidja. Hana baba wala mama. Mama yake alifariki kambini Tanzania, upande wa Kibondo, yeye hajafikisha hata miaka miwili. Baba naye akafuata baadaye, na baba yake mdogo, Mzee Mwadini, ambaye alikuwa ameshatangulia huku kusini, akamleta na kumlea. Mzee Mwadini anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na robot ya pili, zile taa za barabarani, na ni mtu ambaye hata akifurahi uso wake unaonekana umekasirika.

Mwaka jana kijana mmoja, Suhaib, Mrundi wa Rumonge anayelinda hosteli ya wanafunzi Braamfontein, alileta suruali yake ya kazi ikatwe pindo. Wiki iliyofuata akairudisha. Wiki ya tatu akaja nayo tena, suruali ile ile.

"Kijana," Mama Zuhura akamuuliza, "hii suruali inafupika au weye unarefuka?"

Hadidja alikuwa anatia uzi kwenye sindano ambayo ilikuwa na uzi tayari. Mama Zuhura akaona, akanyamaza. Jumapili yake akaenda kuomba maji kwa Suhaib. Kikombe kilikuwa safi. Majirani wakasema kijana anabeba mitungi ya gesi mpaka ghorofa ya nane na hasemi neno. Akampigia mama yake Rumonge, ambaye wote tunamwita Mama Suhaib, akamuuliza nani alimnyonyesha mwanawe. "Miye mwenyewe," akajibu yule mama, "mpaka akaacha." Basi posa ikapelekwa, Mzee Mwadini akaipokea kwa uso wake ule, na siku ya ndoa ikawekwa.

Zilibaki siku tisa. Alhamisi mchana Mzee Mwadini alipanda ngazi zetu zote, akafika anahema, simu mkononi. Hakutaka kukaa wala chai. Dada yake, Shangazi Mwavita, anaishi Buyenzi, na alikuwa ametumiwa picha ya bwana harusi na jina la mama mkwe. Akajibu kwa ujumbe wa sauti. Mzee akaufungulia pale pale mlangoni.

"Kaka yangu, simamisheni hiyo ndoa. Mama wa kijana huyo namfahamu, tulikuwa naye kambini. Aliugua, maziwa yakakauka, na marehemu wifi yangu akamchukua mtoto wake Suhaib akamnyonyesha pamoja na Hadidja. Huyu kulia, huyu kushoto. Si siku moja, ni miezi! Niliona kwa macho yangu haya. Hao ni ndugu, kaka. Mnataka kuwaoza ndugu?"

Mama Zuhura aliomba arudie. Akarudia. Mara ya tatu ndipo akakaa.

"Umenifikisha kwenye mlango wa aibu," Mzee Mwadini akamwambia. "Weye ndiye unayeuliza dunia nzima."

"Nipe mpaka Jumapili, Mzee."

"Jumapili utafanya nini? Maziwa hayarudi kifuani."

Kabla ya magharibi jengo zima lilikuwa linajua. Nilishuka kwenye spaza, kile kiduka cha chini, kununua mkate nikamsikia mwanamke mmoja akisema kwa nguvu ili nisikie, "Eish, leo maziwa ya Zuhura yamechacha!" Wenzake wakacheka. Nilinunua mkate nikapanda. Sikumwambia, lakini kuta zetu ni nyembamba, na nadhani alikuwa ameshasikia.

Kesho yake Suhaib alikuja na sare zake za kazi, Hadidja nyuma yake, macho yamevimba. Wakakaa kitandani kwa Mama Zuhura, huyu mwanzo na huyu mwisho, katikati wameacha nafasi ambayo wiki iliyopita isingekuwepo. Mimi nilikuwa upande wangu namlaza Gaël, nasikia kila kitu.

"Mama," Suhaib akasema, "ni mtu mmoja tu, tena yuko mbali. Tufanye kama hatukusikia. Hapa Johannesburg nani anajua?"

"Miye najua," Mama Zuhura akajibu.

Kisha akaanza kusimulia jambo ambalo mimi, kwa muda wote wa kulala chumba kimoja naye, sikuwahi kulisikia.

"Niliolewa Buyenzi nina miaka kumi na tisa. Mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli. Alikuwa akirudi anapiga kengele toka mwisho wa barabara ili nijue ni yeye. Mwezi wa saba wa ndoa yetu, bibi mmoja akarudi kutoka Kigoma, akatukuta tumekaa nje tunakula. Akashika kichwa. Akasema, hawa wawili niliwanyonyesha miye. Mama zetu walikuwa majirani, wote walimwachia watoto wakaenda kwenye shughuli zao, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Tukaenda kwa sheikhe. Hatukuwa tumegombana. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Jioni ile alifunga nguo zake kwenye baiskeli, akaniaga, na tangu siku ile akawa kaka yangu. Baba yangu alipofariki, alikuja akasimama kwenye mstari wa kaka zangu, akapokea pole."

Hadidja alianza kulia tena. Mama Zuhura akamshika mkono.

"Kwa hiyo siwezi kuwafichia. Lakini pia siwezi kuwaachanisha kwa maneno ya simu, maana miye ninajua bei yake. Kama ni kweli, nitakuja kuwaambia miye mwenyewe, sitamtuma mtu. Kama si kweli, nitajua kwa nini si kweli. Sasa nendeni kazini."

Alimpigia Mama Suhaib mara nne siku ile. Mara ya kwanza yule mama alisema, "Nilishakujibu." Mara ya pili alisema, "Niulize jambo lingine lolote." Mara mbili zilizobaki alikata. Mama Zuhura akawa anaitazama simu. Mtu asiyekuwa na la kuficha hakati simu, hilo hata mimi nililiona, na niliogopa. Niliwaza, mama yule anajua kwamba ni kweli.

Jumamosi asubuhi Mama Zuhura akaniambia, "Piga weye. Sauti yangu ameikinai."

Nikapiga, nikamwekea sauti kubwa ili naye asikie. Mama Suhaib akaitika. Nikajitambulisha, nikasema mimi ni jirani tu, nikaanza kutafuta maneno, na hapo hapo Gaël, ambaye nilikuwa nimemweka sakafuni, akaanguka na kulia. Nikamwokota, nikaomba radhi.

"Wako huyo?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Ana miezi mingapi?"

"Kumi na mmoja sasa."

Kule Rumonge palikuwa na kuku wanalia. Nikawasikia kuku kwa muda mrefu.

"Wangu naye alikuwa na kumi na mmoja," akasema.

Nilimpa Gaël ziwa akanyamaza, nikaacha simu juu ya goti. Na yule mama akasema yote, polepole, kama mtu anayetoa vitu ndani ya sanduku lisilofunguliwa miaka.

Alikuwa na mtoto wa kwanza. Jina lake Suhaib. Alimzaa mwezi mmoja na rafiki yake, mama wa Hadidja. Akaugua, maziwa yakakauka, rafiki yake akamsaidia, kweli kabisa, huyu kulia na huyu kushoto. Kisha yeye akahamia upande mwingine wa kambi kwa kaka yake, na huko mtoto akapata homa akafariki. Hawakutangaza. Jina la mtoto lilikuwa kwenye kadi ya chakula, na mume wake akasema wakitangaza watakatwa mgawo. Wakazika kimya. Alipopata mimba nyingine na kuzaa mtoto wa kiume, wakampa jina lile lile na kadi ile ile, na tarehe ile ile ya kuzaliwa. Huyo ndiye Suhaib anayelinda hosteli Braamfontein.

"Upande ule wa kwanza nilirudi siku moja tu," akasema. "Siku rafiki yangu alipofariki. Nilikwenda kumwosha. Ningeacha watu wengine wamwoshe? Alimlisha mwanangu." Kisha akasema, "Suhaib hajui. Jina la yule sijalitaja kwa mtu. Nikimwita huyu, ninawaita wote wawili."

Nililia bila kutoa sauti. Mama Zuhura alikuwa anahesabu kwa vidole, anarudi nyuma, anahesabu tena. Akasogea kwenye simu.

"Dada yangu, nisamehe nilivyokusumbua. Mwambie mwanao weye mwenyewe, leo. Miye sitafungua mdomo mpaka umwambie."

Suhaib alipokea simu ya mama yake akiwa amesimama kwenye ngazi zetu, karibu na dirisha. Niliona mkono wake umeshika ukuta. Alipoingia ndani alisema neno moja tu.

"Kumbe nilikuwa na kaka."

Jumapili tukaenda kwa Mzee Mwadini. Alikuwepo yeye na mkewe, sheikhe wa msikiti wao, Suhaib kwenye kiti karibu na mlango, Mama Zuhura na mimi kwenye mkeka. Hadidja alikuwa chumba cha ndani, mlango wazi kidogo. Mama Zuhura akaeleza yote kama tulivyoyasikia. Mzee Mwadini akatikisa kichwa.

"Mama anataka kumwoza mwanawe. Hata miye ningetunga."

Sheikhe, kijana mpole mwenye miwani, akasema, "Sheria ni nyepesi, Mzee. Aliyenyonya ndiye ndugu. Kama ni mtoto wa kwanza aliyenyonya, mdogo wake aliyezaliwa baadaye hana undugu na Hadidja. Ndoa ni halali. Lakini nani mwingine anajua kwamba walikuwa wawili?"

"Hakuna," Suhaib akasema. "Mama anasema hawakumwambia mtu."

"Basi," Mzee akasema, akajipiga kofi gotini.

"Mzee," Mama Zuhura akasema, "mpigie Shangazi Mwavita."

"Ili amtukane nani?"

"Mpigie. Yeye ndiye shahidi wenu. Na miye nataka awe shahidi wangu."

Akapiga, akaweka sauti kubwa. Shangazi Mwavita akaanza kabla ya salamu kwisha. "Sibadilishi neno! Nilisema nilichokiona!"

"Na miye nakuamini, dada," Mama Zuhura akamwambia. "Uliona kweli, na mama wa kijana amekubali. Nina swali moja tu. Siku wifi yako alipofariki ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilimfunga macho miye."

"Nani alimwosha?"

"Tulikuwa watatu. Miye, na bibi mmoja wa Makamba, na huyo huyo mama yenu mnayemsema. Alikuja mbio toka upande wa pili wa kambi. Tena tulimgombeza! Yule bibi alimwambia, mwanamke mwenye mimba haoshi maiti, toka nje. Akakataa. Tumbo lile lilikuwa limemfika hapa, anainama kwa shida, anamwagia maji rafiki yake na analia. Tukamwacha. Utamfanya nini mtu kama…"

Sauti ikakatika. Nilidhani simu imeisha chaji.

"Dada?" Mama Zuhura akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Tumbo lile lilikuwa la nani?"

Mama Zuhura akaisogelea simu.

"Wifi yako ameshafariki, yuko mbele yenu anaoshwa. Mtoto bado yuko tumboni. Huyo mtoto alinyonya kwa nani?"

"Ya Rabbi," Shangazi Mwavita akasema. Kisha kwa nguvu, "Mwadini! Mwadini, unanisikia? Yule niliyemwona mkononi mwa wifi alikuwa anasimama kwa kushika vitu. Na siku ya msiba mama yake alikuja bila mtoto mgongoni. Nikajiuliza, amemwachia nani? Sikumuuliza. Nilikuwa na msiba wangu, sikumuuliza!"

"Naye alikuwa na wake," Mama Zuhura akasema.

"Tumbo lile lilizaliwa baada ya msiba, kaka. Ninaapa. Kama huyo kijana ndiye tumbo lile, hakumwona wifi yangu hata siku moja."

Suhaib alikuwa amesimama. Hakujua asimame vipi. Sheikhe akavua miwani akaifuta kwa kanzu yake, akaivaa tena.

"Shahidi aliyezuia ndiye aliyefungua," akasema. "Miye sina shaka tena. Mzee, binti yako anaweza kuolewa na huyu kijana."

Tulimtazama Mzee Mwadini wote. Uso ulikuwa ule ule. Alitazama dari, akatazama mkeka, akahesabu kwa vidole vyake.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kama huyu alikuwa tumboni wakati Hadidja anakaribia miaka miwili… basi binti yangu amemzidi umri!"

Kutoka chumba cha ndani sauti ya Hadidja ikapaa, "Baba, mwambie basi aanze kuniamkia!"

Suhaib akageukia mlango, kijana wa watu amechanganyikiwa kwa furaha, akasema, "Shikamoo, da…"

"Usimalize!" tukapiga kelele wote, sheikhe kwanza.

Na hapo ndipo Mzee Mwadini alipocheka. Mkewe aliniambia baadaye kwamba alikuwa hajamsikia akicheka hivyo tangu simu zilipokuwa na vitufe. Mama Zuhura yeye hakucheka wala hakulia. Alivuta ushungi wake mbele, akaomba maji ya kunywa.

Jumamosi ile ile iliyokuwa imepangwa, ndoa ikafungwa nyumbani kwa Mzee Mwadini. Asubuhi tulishuka ngazi zetu, Mama Zuhura mbele, amevaa kanga mpya ambayo alikuwa ameshailaumu rangi, na nyuma yake wanawake wa jengo zima. Yule wa kwenye spaza alikuwepo, tena ndiye aliyeanza vigelegele, vikapanda ghorofa mpaka ghorofa kwenye ile nafasi ya lifti. Kabla hatujafika chini alikuwa amemshika Mama Zuhura mkono.

"Mama yangu, nina mwanangu wa kiume, ana kazi, hanywi. Nilimnyonyesha mwenyewe, naapa."

"Ulikuwa unakwenda sokoni?"

"Nilikuwa nakwenda."

"Ulikuwa unamwacha na nani?"

Yule mwanamke akamwachia mkono.

"Kaulize, halafu uje," Mama Zuhura akamwambia, akaendelea kushuka.

Mimi kazi yangu ilikuwa simu. Niliambiwa nisimame karibu na sheikhe, niishike juu, ili Mama Suhaib aone kila kitu kutoka Rumonge. Picha ilipofunguka niliona wanawake wawili wamekaa kwenye mkeka mmoja, wamebanana ili waenee. Wa pili alikuwa Shangazi Mwavita. Alikuwa amepanda gari alfajiri kutoka Bujumbura, kilomita zote zile, bila kuambiwa na mtu. Aliniambia yeye mwenyewe, kabla sijauliza, "Nilikuja kumpa pole yangu. Imechelewa miaka ishirini na zaidi. Tumelia asubuhi yote, sasa tumeoga."

Sheikhe akamuuliza Suhaib kama amekubali, naye akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Kisha Suhaib mwenyewe akasema kwamba siku hiyo watu wamwombee dua kaka yake, Suhaib, aliyetangulia. Ni mara ya kwanza jina la mtoto yule kutajwa mbele ya watu. Nilitazama simu. Mama yake alikuwa amefunika mdomo kwa kanga, na Shangazi Mwavita amemshika bega, na midomo yao wote wawili inatembea kwa dua.

Kisha Hadidja akatoka ndani na vigelegele vikaanza. Huku vyetu, kule vyao, wale wanawake wawili peke yao wanashindana na chumba kizima, mpaka simu ikawa inakwaruza, haiwezi kubeba sauti ile yote. Gaël alikuwa mgongoni kwangu anapiga makofi asijue kwa nini. Mkono ulikuwa umeanza kuniuma. Nikabadilisha, nikainua juu zaidi, ili waone vizuri.